Chata Lenu Ukutani: Mwongozo kwa Vikundi vya Sanaa ya Mtaani

Kabla rangi haijakauka ukutani, wapita njia wameshauliza maswali mawili: nani kachora, na nani kalipa. Kikundi kisichojibu chenyewe hujibiwa na mtaa. "Hao watu wa kampeni." "Kampuni ya simu hiyo, subirini muone, wataandika namba." "Mradi huo, hela ikiisha hamtawaona tena." Maneno kama hayo yakishazoeleka hayatoki kwa tina wala kwa msasa, na mtayakuta yamewatangulia kwenye ukuta wa pili na wa tatu.

Haya ninayoyaandika ni kwa ajili yenu mliokwisha kuchora pamoja ukuta mmoja au miwili, mna brashi zenu na mivutano yenu, na sasa mnataka jina, nembo, rangi na namna moja ya kujitambulisha. Nimekaa na wachoraji wa kuta Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, nikiwaandikia barua na kuwashikia ngazi. Nilichojifunza ni kwamba utambulisho wa kikundi cha namna hii haufanyi kazi ya chapa ya sabuni. Sabuni inataka inunuliwe. Ninyi mnataka mruhusiwe kurudi.

Aliyenifundisha hilo ni bibi mmoja wa Temeke. Mchoro uliokuwa kwenye ukuta wake ulianza kubanduka baada ya masika ya pili. Alikuwa ameupenda kiasi kwamba vipande vya rangi vilivyodondoka aliviokota na kuvitunza ndani ya kopo la maziwa, akisubiri wachoraji wapite avirudishe mikononi mwao. Kwenye kona ya mchoro palikuwa na saini nzuri ajabu, herufi zimesukwa kama nywele. Hakuna aliyeweza kuisoma, hata vijana. "Hawa wajukuu zangu wameandika kitu hapa," aliniambia, "lakini mie nawapataje?" Tangu siku hiyo, kila uamuzi wa jina, nembo au rangi naupima kwa bibi yule. Ukuta ukiharibika, atajua amwite nani?

Jina

Kiswahili kina neno lililo tayari kwa jambo hili: chata. Ni alama ya biashara iliyo juu ya bidhaa, na mtaani kupiga chata ni kuacha alama yako mahali ulipopita. Wachoraji wa grafiti wa Dar es Salaam waliojiita Wachata Crew walilichukua neno hilo wakaliweka mbele, na kwa neno moja wakasema kazi yao, mahali wanapoifanyia na lugha wanayoongea. Lubumbashi kuna watu wa sanaa waliojiita Picha, na tangu 2008 wamekuwa wakiandaa tamasha la miaka miwili miwili la sanaa na upigaji picha katika jiji lao. Picha ni neno ambalo mtoto wa Lubumbashi, wa Kigoma na wa Muscat wote wanalijua bila kuelezwa. Kigali nako kuna waliojiita Kurema, Kureba, Kwiga, vitenzi vitatu vya Kinyarwanda: kuumba, kutazama, kujifunza. Jina hilo ni refu, lakini hatua zake tatu zinakaa kichwani kama wimbo wa kuruka kamba.

Majina mengine huzaliwa barabarani. Mwaka 2001 pale Kibera, Nairobi, wachora mabango wawili, Otieno Gomba na Otieno Kota, walipita mitaani wamevaa kama Wamaasai ili watu wawatazame wao na kazi yao. Kutokana na hapo likaja jina la Maasai Mbili. Mwalimu wa sarufi angesahihisha akaandika "wawili". Wao wakaliacha kama Kiswahili cha Kibera kinavyotamkwa, na nadhani walifanya vema, kwa sababu kosa hilo la upatanisho linamwambia msikilizaji jina limetoka wapi vizuri kuliko anwani yoyote.

Jina lenu lijaribuni nje, mkitoka kwenye meza ya kikao. Simameni upande mmoja wa Barabara ya Mandela malori yakipita, mwenzenu awe upande wa pili, mlipaze. Mtajieni kwa simu yenye mtandao mbovu mtu wa duka la rangi anayeandika risiti. Mwacheni mtendaji wa mtaa aliandike kwenye barua bila kumtajia herufi moja moja. Likirudi limeandikwa sawa mara zote tatu, mnalo jina. Majina ya Kiingereza ya maneno matatu manne mimi siyapendekezi. Ndani ya mwezi mmoja yanageuka kifupisho, na kifupisho hakimwambii bibi wa Temeke chochote. Jina la mtaa nalo lifikirieni mara mbili: linawapa ndugu wa kuwatetea nyumbani, lakini mkienda kuchora mtaa wa jirani mtaonekana wageni. Na kama jina lina ng' ndani yake, ritifaa ile ni sehemu ya jina. Kwenye stensili na kwenye fomu za serikali ndiyo inayopotea kwanza, na bila hiyo ng'ombe hutamkwa vingine kabisa.

Nembo inayotoka kwa mkono

Vikundi vingi huanza na nembo iliyotengenezwa kwenye kompyuta na rafiki mwenye kipaji: rangi tano zinazoyeyukiana, kivuli, brashi inayodondosha matone, ramani ya Afrika kwa nyuma. Kwenye kioo cha simu inapendeza. Kisha kinakuja kitu cha kwanza kabisa ambacho kikundi kitahitaji, nacho ni mhuri.

Nisikilizeni hapa, maana vijana wengi hupuuza. Katika nchi zetu kikundi kinaanza kuwepo siku kinapokuwa na mhuri. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anataka barua yenye mhuri, mwalimu mkuu ambaye ukuta wa shule yake mnauomba anataka barua yenye mhuri, na benki vivyo hivyo. Mhuri wa mviringo una upana wa kama sentimita 4 na wino wa rangi moja. Basi anzeni kuchora nembo hapo. Kateni duara la sentimita 4, chukueni kalamu moja, na kila kitu kisichoonekana ndani ya duara hilo kitoeni. Kinachobaki ndicho nembo. Kwa bahati njema, duara hilohilo ndilo umbo la picha ya WhatsApp, kwa hiyo mkifaulu kwenye mhuri mmefaulu huko pia.

Jaribio la pili ni stensili. Chukueni filamu ya zamani ya eksirei, ile plastiki ngumu inayovumilia kutumika mara nyingi, mkate nembo kwa wembe. Hapo mtagundua kwamba tundu la ndani ya herufi a, o, b na d huanguka chini likiwa halina kidaraja cha kulishikilia. Wachora mabango wa zamani walijua, wakaviacha vidaraja hivyo kwa makusudi, na herufi zao zikapata sura yake maalumu. Fikirieni vidaraja tangu mwanzo, wakati nembo bado iko kwenye karatasi.

La tatu, kila mwanakikundi aweze kuichora nembo kwa brashi, kwa kichwa, bila kutazama simu, ndani ya dakika moja. Iwe na vipimo vinavyosemeka kwa mdomo: "mraba, mstari mmoja katikati, duara kwenye kona ya juu kulia". Asiyeweza kuichora hataipiga vizuri ukutani, na mtajikuta mna nembo saba zinazofanana kama binamu.

Kuhusu herufi, kuna jambo la lugha yetu ambalo sijaona likisemwa mara nyingi. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu inayojirudia kuliko zote ni a. Tazama neno Wachata: herufi saba, na tatu kati ya hizo ni a. Sanaa, mtaa, rangi, picha, ukuta, zote zinayo. Kwa hiyo mkitaka mwandiko wenu ujulikane kutoka mbali, tumieni siku nzima kuichonga herufi moja tu, a yenu. Ina tumbo la mviringo au la pembe? Ina kofia juu au haina? Mkia wake unakanyaga chini au unaruka? A ikishapatikana, herufi nyingine zitaifuata kama watoto wanavyomfuata dada mkubwa. Kama mna fundi wa mabango mtaani, yule anayeandika majina ya saluni na vibanda vya chipsi kwa mkono, mwombeni awafundishe kabla ya kupakua fonti yoyote. Mlipeni. Mwandiko wake watu wa mtaa wanausoma kila siku, na macho yao yameuzoea.

Rangi na anayedhaniwa kuwa nyuma yake

Hapa ndipo nimeona vikundi vikiumia zaidi, na miongozo iliyoandikwa mbali na kwetu haisaidii. Huko watakuambia bluu ni utulivu na njano ni furaha. Dar es Salaam njano na kijani ni klabu ya Yanga, na ni chama cha CCM. Nyekundu na nyeupe ni klabu ya Simba. Nyekundu peke yake, ikijaa ukuta mzima kando ya barabara kuu, ni kampuni ya simu, kwa sababu kwa miaka mingi kampuni hizo zimekuwa zikipaka maduka na nyumba za watu kwa rangi zao, kuanzia msingi hadi bati. Vukeni mpaka Kenya, kijani ni kampuni ya Safaricom, rangi ya chungwa ni chama cha ODM. Kikundi kikichagua kijani na njano kwa sababu ya majani na jua, mwaka wa uchaguzi kitapakwa siasa ambayo hakikuitafuta, na kuna nyumba zitakazofungwa mbele yenu kwa sababu hiyo tu.

Simaanishi kwamba rangi hizo ni haramu. Ndani ya mchoro tumieni zote. Nasema rangi ya kuwatambulisha ninyi, ile ya fulana, ya mhuri, ya chata na ya turubai, isiwe sare ya mtu mwingine. Kabla ya kuamua, tembeeni barabara moja ndefu ya mji wenu na daftari, mwandike kila rangi iliyokamatwa na aliyeikamata. Mtashangaa jinsi zilivyobaki chache. Zilizobaki mara nyingi ni zile za ardhi na za nyumbani: nyekundu ya udongo, nyeupe ya chokaa, zambarau ya biringani, buluu iliyokolea ya nguo ya kaniki.

Na hapa ufundi unakubaliana na siasa. Rangi zinazotokana na oksidi ya chuma, yaani nyekundu ya udongo, njano ya udongo na kahawia, huvumilia jua kwa miaka mingi. Nyekundu kali, waridi na njano za kung'aa hupauka mapema, na chata lililopauka linamwambia mpita njia kwamba mmeshakufa. Msinunue kwa kutazama kadi ya dukani tu. Pakeni vipande viwili vya saruji, kimoja mkiweke juu ya bati kuanzia Machi mpaka masika yaishe, kingine mkifungie kabatini, kisha mvilinganishe. Rangi iliyofaulu, andikeni jina la kiwanda na namba ya mchanganyiko kwenye daftari la kikundi, maana "ile nyekundu yetu" huwa nyekundu tatu tofauti wakienda watu watatu dukani.

Rangi tatu zinatosha: moja nzito, moja nyepesi, na moja ya kwenu. Ukuta ukiwa mweusi chata linakuwa jepesi, ukiwa mweupe linakuwa zito.

Kanga inavyopanga

Mkikwama kwenye mpangilio, tandazeni kanga sakafuni. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji, yaani uwanja wa katikati wenye picha au umbo, na ina jina, yale maandishi yanayokaa chini ya mji. Kila mwanamke wa pwani anajua kusoma vitu hivyo vitatu kwa mpigo. Pindo linamwambia nguo inaishia wapi, mji unamshika jicho, jina linasema. Halafu kuna kitu cha nne, kidogo sana, ambacho mnunuzi makini hukitafuta pembeni mwa nguo: chata la mwenye kanga. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zinajulikana kwa maandishi "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Maandishi hayo hayashindani na jina la kanga wala hayaingii kwenye mji. Yamekaa ukingoni, yakisema nani anasimama nyuma ya kitambaa.

Huo ndio mpangilio ninaowashauri kwenye ukuta. Mji ni wa mtaa: picha waliyoikubali wenye nyumba na majirani. Jina, kama mchoro una maneno, ni ujumbe wao. Ninyi mko ukingoni. Chata lisizidi ukubwa wa karatasi ya A4, hata ukuta ukiwa na urefu wa mita ishirini. Lisiwekwe chini kabisa, kwa sababu nusu mita ya chini ya ukuta ni ya matope ya mvua, chumvi inayopanda na unyevu, na magurudumu ya pikipiki. Lisiwe juu sana hata mtoto asilione. Usawa wa kifua cha mtu mzima, upande wa kulia ambapo macho humalizia kusoma, ndipo pake. Ndani yake kuwe na vitu vitatu: jina linalosomeka, mwaka, na namba ya simu.

Namba ya simu wengi huiona inaharibu uzuri. Mimi nawasihi muiandike. Bila namba, chata ni sifa yenu tu. Ikiwapo, bibi anayetunza vipande vya rangi ndani ya kopo ana pa kupiga.

Siku ya kazi mnahitaji kitu kikubwa zaidi, maana hapo ndipo yale maswali mawili yanaulizwa. Tengenezeni turubai la mita moja kwa mbili, lifungwe kwenye jukwaa la kukanyagia tangu asubuhi ya kwanza, limeandikwa mambo matatu tu: kazi hii inafanywa na nani, kwa ruhusa ya nani, kwa gharama ya nani. Kama gharama ni yenu wenyewe, andikeni hivyo. Kanuni ya wachora mabango ni kwamba kila mita 3 za umbali zinahitaji kama sentimita 2.5 za kimo cha herufi. Mtu aliye ng'ambo ya barabara, mita 18 kutoka hapo, anahitaji herufi za sentimita 15. Turubai hilo litawapunguzia nusu ya mabishano, na mgambo akija mtaanza mazungumzo mkiwa na kitu cha kumwonyesha.

Mwenye rangi anapotaka nembo yake iingie

Itatokea tu. Kampuni itatoa ndoo ishirini za rangi na kuomba nembo yake iwekwe "mahali panapoonekana". Msikatae kwa hasira wala msikubali kwa njaa. Wekeni sheria ya kikundi mapema, iandikwe, ili anayejibu asiwe ni mtu mmoja aliyebanwa kwenye simu. Yangu ni hii: mfadhili anashukuriwa nje ya mchoro, kwenye kibao au kwenye maandishi ya ukingoni, kwa ukubwa usiozidi chata la kikundi, na rangi ya nembo yake haipangi rangi za picha. Kuna sababu ya heshima na kuna sababu ya fedha. Nembo ya kampuni ikiingia katikati ya ukuta, afisa wa halmashauri ana haki ya kuuliza kama hilo ni tangazo, na matangazo yana ushuru. Atakayeulizwa kwanza ni mwenye nyumba.

Mkipata kazi ya tangazo halisi, ifanyeni kwa bei ya tangazo na msiweke chata. Mafundi wanahitaji kula. Ila chata libaki kwenye kuta ambazo mtaa ulichagua picha yake.

Jina la mtu na jina la kundi

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya mraba vya hadibodi, kwa rangi za mafuta za dukani. Alipata miaka minne tu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika kilicho Oysterbay. Jina lake leo ni jina la mtindo mzima. Anayechora chui na ndege kwa rangi kali, awe ndani ya ushirika au hajawahi kuufikia, anaweza kuiita picha yake tingatinga na kuiuza uwanja wa ndege. Heshima kubwa kwa marehemu, lakini familia na wanafunzi wake hawana tena namna ya kuliwekea jina hilo mlango.

Ninachokitoa humo kwa ajili yenu ni kwamba saini ya mtu na chata la kundi vitenganishwe siku ya kwanza, watu wakiwa bado wanapendana. Kundi lisibebe jina la mwanachama, hata akiwa ndiye mwenye kipaji kuliko wote. Chini ya chata andikeni majina ya waliochora ukuta ule, kwa herufi za kimo kimoja, yule aliyechora uso na yule aliyepaka praima. Nimeona urafiki wa miaka sita ukivunjika kwa sababu ya saini moja iliyokuwa kubwa kuliko nyingine kwa kiganja.

Yapo makundi yanayohitaji kinyume chake, kuficha majina kabisa. Guerrilla Girls wa New York, tangu 1985, wamejitokeza hadharani wakiwa na vinyago vya sokwe, na kinyago ndicho kilichokuwa nembo. Nairobi mwaka 2012, katika michoro iliyoongozwa na mpiga picha Boniface Mwangi kuwakemea wanasiasa kwa umbo la tumbusi, watu walilishika umbo hilo zaidi ya walivyoshika jina la kikundi chochote. Na utambulisho hauhitaji hata kundi: baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 nchini Kenya, Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo 7, alizunguka Kibera akiandika kwa brashi maneno ya kuwaomba watu watunze amani, kwenye mabati, kuta na barabara. Alikuwa na kopo la rangi na ombi lilelile kila mahali. Nikiulizwa utambulisho thabiti ni upi, hunijia yeye kabla ya nembo yoyote iliyochorwa kwenye kompyuta: kitu kilekile, kwa mkono uleule, mahali ambapo watu walikuwa na haja nacho.

Sheria, funguo na mwenendo

Jina litafutwe kwanza kwenye daftari la BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kabla ya kuchapisha fulana hata moja. Kwa Tanzania Bara alama ya biashara ikisajiliwa hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kenya, kupitia taasisi yao ya usajili, KIPI, ni miaka 10 tangu mwanzo. Zanzibar ina ofisi yake na sheria yake, hivyo usajili wa Bara hauwalindi Unguja wala Pemba. Aliyewachorea nembo, hata kama ni mwenzenu na hakudai senti, asaini karatasi inayoikabidhi kwa kikundi.

Kisha swali linalosahaulika: nani anashika funguo? Nilikuwa karibu na kikundi kimoja kilichojenga jina kwa miaka mingi. Kilipogawanyika, ukurasa wa mtandaoni, namba ya simu na mhuri vilikuwa vyote kwa mtu mmoja. Waliobaki walianza upya kwa jina jipya, na kuta zao zote za zamani zikawa zinapiga simu kwa mtu aliyekwisha kuacha kuchora. Laini ya simu na namba ya kupokea malipo viwe vya kikundi. Nywila iwe kwa watu wawili. Mhuri ukae kwa katibu, rangi kwa mtunza stoo, na makabidhiano yaandikwe.

Mwenendo nao ni sehemu ya nembo, na hauna stensili. Anayepita akiuliza, kila mmoja wenu awe na jibu moja fupi, sawa na la mwenzake. Mzee akisimama kutazama, shuka kwenye ngazi umwamkie, usimpe shikamoo ukiwa juu yake. Fulana ya kazi ivaliwe siku ya kazi tu, kwa sababu jioni mmoja wenu akigombana baa akiwa ameivaa, aliyegombana ni kikundi kizima. Mkimaliza, fagieni matone ya rangi barabarani hata kama mliyakuta ya wengine.

Baada ya kila masika, zungukieni kuta zenu. Mnapokarabati, msifute mwaka wa zamani. Andikeni mpya kando yake, ili chata lisomeke 2021, 2023, 2025, na jirani anayefikiria kuwapa ukuta wake aone kwamba huwa mnarudi. Ukuta ambao mwenyewe anataka kuubomoa au kuupaka upya, upigeni picha, mshukuruni, mwacheni aupake.

Na siku mtakapokuta mtu ameongeza kitu kwenye mchoro wenu, nembo ya dukani au uso wa mgombea, na mwenye nyumba amekubali, msigombane naye. Rudini na kopo dogo la rangi ya ukuta, mfute chata, namba na majina yenu, kisha mpige hodi mumwambie mmefuta.